Siku Nane za Kuzunguka Unguja, Kabla ya Kuzunguka Dunia

Mashoga zangu, kila nikenda bombani naulizwa lile lile: "Bi Zuwena, ilikuwaje?" Nshasimulia mpaka koo limekauka, na kila aliyesikia kapeleka mbele na chumvi yake. Juzi nimeambiwa kwamba nilipofika Kiwengwa niliolewa. Basi nimekaa chini nimeandika mwenyewe. Anayetaka kujua asome hapa, na anayetaka kutia chumvi akatie kwenye mchuzi wake.

Chanzo wengine mnakijua. Bi Shirini, yule mama wa Kiparsi wa Shangani niliyemshonea nguo miaka ishirini, wanawe wamemkatia chumba chenye vitanda viwili katika meli inayozunguka dunia. Miezi mitano. Itapita hapa kumchukua, iende Bombay, Kolombo, Singapuri, Japani, ivuke bahari ile kubwa mpaka Amerika, kisha Ulaya, irudi kwa njia ya Suezi. Dada yake aliyekuwa alale kitanda cha pili kaanguka bafuni kavunjika nyonga. Bi Shirini akaniita, akanimiminia chai kwa mkono wake, akanambia: "Zuwena, sikuchukui kunitumikia. Watumishi wamo melini. Nataka mtu wa kuzungumza naye ambaye haniogopi." Akanipa siku kumi nifikiri.

Mimi ni mjane wa miaka hamsini na mbili. Mwanangu mmoja yuko Pemba na mkewe. Nyumba yetu ya Kikwajuni nakaa mimi upande mmoja, na kaka yangu Suleiman, ambaye naye mkewe alishatangulia, anakaa upande wa pili. Nilipomwambia habari ya meli alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzuni.

"Wewe? Wewe uliyetapika garini kabla ya kufika Bububu?"

"Nilikuwa na mimba, kaka."

"Hujui kulala nje ya Kikwajuni. Utalala baharini miezi mitano? Na maharimu wako wa kukusindikiza nani?"

Hapo ndipo damu iliponipanda. "Shangazi alipokufa Donge," nikamwambia, "ulinituma peke yangu, garini nimo mimi na wanaume watupu. Maharimu wangu siku ile alikuwa nani?"

"Ule ulikuwa msiba."

"Aa! Kumbe nikienda kulia njia ni salama. Nikienda kufurahi ndiyo ina hatari."

Kaka yangu akikosa jawabu hupandisha sauti. Akasema: "Haya, zunguka Unguja hii kwanza! Nenda Mkokotoni, pita Kiwengwa, pita Chwaka, shuka mpaka Makunduchi, urudi. Peke yako, ulale utakapochwelewa. Ukikatisha njiani ukarudi, habari ya meli sitaki kuisikia tena."

"Na nikimaliza?"

"Ukimaliza sitotia neno."

Alidhani nitanyamaza. Jumamosi asubuhi nilikuwa Darajani na kifurushi changu.

Darajani mpaka Mkokotoni

Nilichukua kanga doti mbili, gauni moja, mkeka, chupa ya mafuta ya nazi, ndimu tatu za kunusa, na kikopo changu cha sindano na nyuzi, maana mikono yangu haijui kukaa bure. Dereva akanambia gari linaondoka sasa hivi. Ilikuwa saa mbili. Saa tano bado tulikuwa pale pale, kwa sababu kulikuwa na kabati la bibi harusi linapelekwa Mahonda, kabati kubwa lenye kioo, na halikubali kukaa juu ya gari. Walilifunga wakalifungua, wakalifunga tena. Mwenye kabati akawa anapiga kelele kioo, kioo! Mwisho likawekwa ndani, katikati yetu, na mimi nikasafiri mpaka Mahonda nikijitazama uso mwenyewe.

Aliyekaa ubavuni kwangu alikuwa mama mmoja na kikapu chake cha ndizi. Akanishika mkono kwa huruma.

"Pole, mwenzangu. Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Mgonjwa basi?"

"Hakuna mgonjwa."

"Unakwenda harusini?"

"Wala harusi. Natembea tu."

Akanitazama. Akalitazama buibui langu, akakitazama kifurushi. Kisha akakivuta kikapu chake cha ndizi upande wa pili, mbali na mimi. Loo! Kidogo nimwambie nimetoroka jela, aridhike.

Bububu tulipita na sikutapika. Nilijinusisha ndimu nikaona raha, nikasema Suleiman angekuwepo angeona. Tulipofika karibu na Mahonda nikatapika dirishani. Nalisema mwenyewe kabla halijasemwa na wengine.

Mkokotoni nilibisha hodi kwenye nyumba niliyomwona mwanamke anakuna nazi kibarazani, nikaeleza kwamba mimi ni mpita njia, naomba mahali pa kutandika mkeka. Hakuniuliza mara mbili. Alinipa wali na pweza wa nazi, pweza laini kama maini, nikala mpaka nikaona haya. Akanipa na kitanda chake cha mayowe, kilichowambwa kamba. Lakini alipoona nimeshiba akakohoa kidogo, akauliza: "Huyo marehemu wenu yuko kisiwani Tumbatu?"

Mkokotoni mpaka Kiwengwa

Gari la kwenda Kiwengwa halipo, lipo la ng'ombe. Mzee Vuai alikuwa anapeleka magunia ya muhogo mkavu huko pwani ya mashariki, akakubali nikae juu ya magunia. Mtu wa makamo, mpole, mwenye kofia ya ukindu. Tulipotoka tu nje ya mji akaniuliza swali lile. Mimi nilikuwa nimeamka na alama za kamba za kitanda mgongoni, na uvumilivu nimeuacha Darajani.

"Mzee Vuai, hajafa mtu! Hajafa mtu yeyote! Natembea!"

"Naam, naam," akasema taratibu. "Hajafa mtu."

Tukaenda. Ng'ombe mmoja alikuwa mzuri na mwenziwe alikuwa na kiburi. Tulipofika Upenja yule wa kiburi akalala chini na gari lake na magunia yake. Mzee Vuai akambembeleza, akamtukana, akamwimbia. Tukakaa saa mbili chini ya kivuli, tukachoma muhogo, tukala na chumvi na pilipili. Kila nikicheka, Mzee Vuai alinitazama kwa huzuni. Mimi nikasema labda ndivyo ulivyo uso wake.

Alasiri tukaingia Kiwengwa. Kwenye nyumba moja karibu na msikiti kulikuwa na wanaume wengi wamekaa nje kimya, na ndani sauti za wanawake. Mzee Vuai akasimamisha ng'ombe mlangoni hasa. Kabla sijauliza, kashashuka, kashapiga hodi. Nilimsikia kwa masikio yangu akiwaambia wanawake waliotoka:

"Nimekuleteeni mtu wenu wa mjini. Mpokeeni vizuri, masikini. Njia nzima anakana kwamba kuna mtu aliyekufa."

Msiba wa Kiwengwa

Jamani, mngefanya nini nyinyi? Nilifungua mdomo, lakini kabla sijatoa neno nshavamiwa. Mikono shingoni, vilio sikioni, nakokotwa ndani, nawekwa juu ya mkeka wa mbele kabisa, pembeni ya mama wa marehemu. Walikuwa wanamngojea khalati wa marehemu kutoka Ng'ambo, mama yake mdogo wa ukoo wa mbali asiyeonwa hapo tangu utoto, na mimi ndiye niliyeshuka garini. Marehemu alikuwa kijana wa miaka ishirini na tano, kachukuliwa na homa ya siku tatu tu, kazikwa adhuhuri. Mama yake, Bi Kazija, akaniegemezea kichwa begani akalia bila sauti. Ungemwambia mama kama yule kwamba kakosea mtu?

Mimi nilianza kulia kwa kuona haya. Baadaye nikawa nalia kweli. Mume wangu alipofariki sikupata kulia vizuri: watu wengi, kila mmoja anataka jibu, funguo za kabati ziko wapi, sanda imenunuliwa, wageni wamekula. Mle Kiwengwa hakuna aliyeniuliza kitu. Nikalia yote niliyokuwa nimeyabakisha, na wenyeji wakaona kweli huyu khalati alikuwa akimpenda mtoto wetu.

Asubuhi ya pili akaingia khalati mwenyewe. Bi Mwanakombo, mwanamke mkubwa, sauti kubwa, kifurushi kikubwa. Alilia mlangoni, akalia ukumbini, akafika mbele na kukuta mahali pake pana mtu.

"Na huyu nani?"

 Nyumba nzima ikanigeukia. Nilitamani ardhi inimeze. Nikasimama nikaeleza yote mbele ya watu: meli, kaka yangu, ng'ombe aliyelala Upenja, Mzee Vuai.  Mwanamke mmoja nyuma akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anajizuia kucheka.

Bi Kazija ndiye aliyesema. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini sauti ilikuwa ya mwenye nyumba. "Kamlilia mwanangu tangu jana, na hakumjua. Sasa huyu ni mtu wetu. Mwanakombo, kaa kulia kwangu, naye akae kushoto."

Ndivyo nilivyokaa Kiwengwa siku tatu za msiba mpaka khitma ikasomwa. Kazi hawakutaka nifanye, mimi mgeni, mpaka niliposikia wanatafuta mtu wa kushona nguo za eda za mjane wa marehemu. Hapo nikatoa kikopo changu, na hakuna aliyethubutu kunizuia.

Mjane mwenyewe jina lake Mize, hata miaka ishirini sidhani kama katimiza. Alikuwa chumba cha uani, kakaa juu ya mkeka, mikono mapajani. Nilikuwa nampima bega aliponiuliza:

"Bi Zuwena, na wewe ulikaa eda?"

"Nilikaa. Miezi minne na siku kumi."

"Ilikwisha kweli?"

"Ilikwisha, mwanangu. Hata uone kama haziendi, siku zinakwenda. Walinipeleka pwani nikaoga, wakanivisha nguo mpya, wakanifukiza udi."

"Halafu ukenda wapi?"

"Nikarudi nyumbani kushona."

"Chumba gani?"

"Changu."

"Kile kile cha eda?"

"Kile kile."

Akafikiri, kisha akauliza bila ubaya wowote, kama mtoto anavyouliza: "Mpaka lini?"

Nikamjibu kweli. "Mpaka Jumamosi iliyopita."

Mashoga, nilikasirika. Sikumkasirikia yeye, masikini. Eda Mwenyezi Mungu kaiwekea siku zake, na zikitimia mtu katoka, hana deni na yeyote. Mimi zilitimia, nikajifungia mwenyewe mwaka mzima na zaidi, na hakuna hata mmoja aliyenambia Zuwena toka. Wangenambia kwa nini? Mjane anayekaa chumbani hamsumbui mtu. Suleiman akigonga ukuta apate chai, chai inakuja. Kanzu za watu zinashonwa, na mimi mwenyewe nikijisifu kwamba nimetulia.

Nilimshonea Mize gauni lile kwa mshono wa mkono, mzuri kuliko wa nguo ya sikukuu. Nilipomvisha nikamwambia: "Siku zako zikitimia, toka. Nenda popote, hata Mkokotoni kula pweza. Ukiulizwa nani kafa, waambie natembea." Akacheka kidogo, ndani ya msiba wake, kisha akajiziba mdomo.

Kiwengwa mpaka Chwaka

Tulitoka Jumatano alfajiri kwa miguu, mimi na Bi Mwanakombo, yeye akitafuta gari la Chwaka limrudishe mjini. Njia ni ufuo mtupu, Pongwe, kisha Uroa, kisha Chwaka. Mchanga mweupe unachoma macho. Wanawake wamejaa pwani wanapiga makumbi kwa magongo, wanatoa usumba wa kusokotea kamba, na kila tunapopita wanatuita tunywe maji.

Sasa nitasema jambo ambalo mtu anayefikiria meli ya miezi mitano lazima alijue. Ugumu wa safari si bahari, si chakula. Ugumu ni mtu wa pili. Bi Mwanakombo ni mwanamke mwema, lakini anasema kuanzia anapofumbua jicho. Alinisimulia magoti yake, la kulia na la kushoto. Alinisimulia wakwe zake watano. Anataka kupumzika mimi nikitaka kwenda, akitaka kwenda mimi natia miguu majini. Tulipopita Pongwe tukagombana, ati mimi natembea haraka kumkomoa. Nikampa vidonge vyake, na yeye akanirudishia vyangu, kila mmoja akashika njia yake. Tukatembea mbali mbali kama hatua mia, wanawake wazima wawili, ufuo mzima unatutazama, sisi hatutazamani.

Uroa tulipewa muhogo na chewa wa kuchoma katika sahani moja. Tukala vichwa chini. Mwishoni ikabaki mnofu mmoja, mzuri, wa shavuni. Yeye akausukuma kwangu, mimi nikausukuma kwake. Akasema, "Kula basi, Zuwena, usiniudhi," nikaula, na ugomvi ukaishia pale.

Nikajua kwamba Bi Shirini naye nitagombana naye. Tena mapema, labda kabla ya Kolombo. Ningekuwa nimepanda meli nikidhani chumba kile ni pepo, ningelia siku ya kwanza. Sasa nimeshamwambia: asubuhi mpaka saa tatu hakuna anayesema na mwenziwe. Kakubali haraka mno, nadhani hata yeye alikuwa analitaka hilo.

Chwaka

Alhamisi asubuhi tulikuwa tunakunywa chai kwa wenyeji wetu gari la kutoka mjini lilipoingia. Dereva akashuka anaita: "Bi Zuwena wa Kikwajuni! Yupo hapa Bi Zuwena wa Kikwajuni?"

"Naam!"

"Kaka yako mahututi. Kasema urudi na gari hili hili."

 Bi Mwanakombo keshanifungia kifurushi, keshanipandisha, nimekaa kitini, machozi yananitoka, nasema ewe Mola, nimemwacha mzee wa watu peke yake kwa ajili ya kiburi changu. Gari likaanza kunguruma. Sijui ni kitu gani kilichonifanya niulize.

"Dereva, nani kakupa habari hii?"

"Mwenyewe."

"Mwenyewe nani?"

"Kaka yako. Kanikuta Darajani."

"Kaja Darajani? Kwa miguu?"

Dereva akakuna kichwa. "Alikuwa amekaa anakunywa kahawa. Kanambia, mwambie mahututi."

Bi Mwanakombo aliangua kicheko, gari zima likageuka. Mimi sikucheka. Nilikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na hofu, kwa sababu kaka yangu ana miaka sitini na nne, na mtu anaweza kunywa kahawa asubuhi akafa mchana. Nikikaa kitini pale, baada ya saa mbili nimeshafika Kikwajuni, nimeshindwa, na chumba changu kinaningoja. Nikishuka, na ikawa kweli mgonjwa, sitojisamehe maisha.

Nikashuka.

"Mwambie," nikamwambia dereva, "Zuwena kafika Chwaka salama na anakwenda Makunduchi. Kama ni mgonjwa kweli, Mungu amponye. Ntamkuta Jumamosi."

Bi Mwanakombo alichungulia dirishani gari likiondoka, akapiga kelele mpaka wavuvi wakasikia: "Nitapita mimi kumtazama! Na nikimkuta mzima nitamuuguza mimi mwenyewe!"

Chwaka mpaka Makunduchi

Ghuba ya Chwaka nilivuka mchana kweupe kwa ngalawa ya mzee mmoja aliyekuwa anapeleka mapipa matupu Michamvi. Nilitapika mara tatu. Ya kwanza nilidhani nakufa, ya pili nilitamani kufa, ya tatu mzee akanambia: "Tazama mbali, bibi, usiutazame mtumbwi. Tazama pale miti inapoishia." Nikatazama mbali. Tumbo likatulia pole pole, nikaomba maji, kisha nikaomba na kipande cha mkate. Mzee akacheka akasema nshakuwa baharia. Nilijisikia nimepewa cheo.

Kutoka Michamvi nikatembea ufuoni mpaka Bwejuu, nikalala kwa bibi mmoja mwembamba, mtengenezaji wa kamba. Nilikuwa nimeshachoka na swali lile, nikaamua kuliwahi. Kabla hajaniuliza nikasema: "Shikamoo. Hajafa mtu. Nakwenda kuzunguka dunia, naanzia hapa."

"Marahaba," akasema. "Basi karibu ule kwanza. Dunia kubwa hiyo, na uji wa mtama nshaupika."

Baada ya kula akanihoji hasa. Huko Japani wanakula nini? Mtu akichoka na meli anashuka wapi? Ukitaka kufua? Nusu sikuweza kumjibu. Akaniagiza nikirudi nimpitie nimweleze, hasa habari ya kufua.

Ijumaa nikapata gari la punda mpaka Makunduchi. Huko lugha yao wakisema wao kwa wao mimi naambulia neno moja katika matatu, nikakaa kimya nikatabasamu, wakanipa samaki na nikashiba. Jumamosi asubuhi nikapanda gari la mjini, na sikutapika hata tone.

Njiani nilijiuliza lile mnaloniuliza nyinyi: meli hii inakufaa, Zuwena? Kitanda cha mtu nalala, ingawa silali vizuri. Chakula cha watu nakula sana kuliko inavyostahiki. Bahari inanitapisha kisha inanizoea. Nagombana, lakini napatana. Kukaa bure sikuwezi, kwa hiyo kitambaa na sindano navibeba, atakayecheka acheke. Nyinyi sijui kitakachokufaeni. Mwenye kupenda mtu mmoja tu na kitanda kimoja tu akae kwake, wala si aibu. Mimi nilichokuwa sikijui bado kilikuwa Kikwajuni, kimelala kitandani au kimekaa barazani.

Kikwajuni

Kilikuwa kitandani. Mchana ule wa jua kali Suleiman kajifunika blanketi mpaka kidevuni, jasho linamtiririka. Chumba kinanuka dawa ya kuchua. Pembeni kwenye stuli, sinia tupu la maandazi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba," kwa sauti ya mtu ambaye kesho haioni. "Umekuja. Ametumwa mwanamke mmoja mkubwa hapa jana kuniua. Kaninywesha mwarobaini vikombe viwili."

"Pole. Nimemaliza, kaka. Mkokotoni, Kiwengwa, Chwaka, Makunduchi."

"Nungwi hukufika."

"Nungwi hukuitaja."

 Nilimvuta blanketi. Chini yake kavaa kanzu ya kutokea, na viatu. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Chwaka, makali, yamepangwa vizuri. Nikamtazama usoni nikaona midomo yake inatetemeka, na haikuwa mchezo.

"Zuwena," akasema, "miezi mitano ni mingi. Mimi mtu mzima. Nikifa na wewe uko Japani?"

Nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Lilinichoma, sikufichini. Huyu ndiye aliyenifundisha kuandika jina langu. Nikamshika mkono.

"Ukifa niko Japani, watakuosha, watakusalia, watakuzika siku ile ile, hawatanisubiri. Mimi nitakulilia huko huko niliko, na dua inafika. Hilo nshalifikiri, kaka, tangu Chwaka. Linaniuma na nimelikubali. Sasa na wewe fikiri hili. Nimekaa hapa, meli imeondoka, kila siku nachungulia dirishani kwako kama umekufa. Mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Halafu usife. Nikufanye nini?"

 Sikungoja jawabu. Nilijitanda buibui langu lile lile na vumbi la Makunduchi, nikateremka Shangani kumwambia Bi Shirini kitanda cha pili kina mtu.